Safari ya Ng'ambo Ianzie Mezani Penu



Ndugu msomaji mpendwa, wewe mume na wewe mke mnaosoma ukurasa huu, leo nataka tuzungumze juu ya likizo. Sisemi likizo ya kwenda kulala siku mbili kwa shemeji kule Sotik. Nasema safari ya ndege, kwenda nchi za kaskazini ya Ulaya mwishoni mwa majira yao ya joto.

Najua utacheka na kusema, "Katekista, sisi watu wa majani chai tuna likizo gani? Majani hayangoji, na ng'ombe hajui Jumapili." Ni kweli. Lakini siku hizi hapa Kericho na Bomet si ajabu kukuta nyumba ambayo mtoto wake anasoma au anafanya kazi ng'ambo. Mtoto huyo akishatulia, hutamani kuwaita wazazi wake waone anakoishi. Mwaliko wa namna hiyo waweza kuwa baraka katika ndoa, na waweza pia kuwa mwiba. Mimi nimeona ukiwa mwiba kwanza, ndiyo sababu naandika.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo wako mume na mke walioishi katika Sakramenti ya Ndoa miaka ishirini na minane. Wameniruhusu niyaeleze yao bila kuwataja. Binti yao ni muuguzi huko Uswidi. Mwezi wa Januari 2025 aliwaandikia akisema, "Baba na Mama, njoni mwisho wa Agosti, mkae nami wiki mbili." Alikuwa na sababu ya kutaja wakati huo. Huko Uswidi sheria humpa mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, na wengi huzichukua mwezi wa Julai. Yeye kama mgeni kazini alipata zamu yake wenzake waliporudi. Tena Agosti inapokwisha shule zao zimekwisha kufunguliwa na umati wa wasafiri umepungua. Jua bado linakaa hadi jioni, ingawa usiku baridi huanza kuuma kama ile yetu ya Julai.

Mzee alifurahi mno. Akaenda moja kwa moja kwenye chama cha akiba na mikopo, akauliza atapata kiasi gani kwa kuweka rehani bonasi ya Oktoba. Njiani akapita kwenye kituo cha kupimia majani, akawaeleza wanaume wenzake kwamba Agosti hatakuwapo, atakuwa Ulaya. Kesho yake mkewe alipopeleka majani, akina mama wakampongeza kwa safari. Yeye hakuwa na habari yoyote.

Siku kumi nyumba ile ilikuwa kimya. Chakula kilipikwa, maziwa yalikamuliwa, lakini neno halikupita. Mwishowe mzee akauliza, "Mama watoto, mbona umenuna?" Naye akajibu, "Sijanuna, Baba watoto. Nangoja majirani waniambie tunaondoka saa ngapi."

Ndugu msomaji, usimcheke mzee huyu haraka. Ni wangapi kati yetu wanaume tumeamua jambo la nyumba nzima tukiwa tumesimama na gunia la majani mgongoni? Na ninyi akina mama, ni wangapi mmejibu kosa kwa kimya cha siku kumi, mkidhani kimya ni uvumilivu? Kimya cha namna hiyo ni mlango uliofungwa kwa ndani.

KILICHOFICHIKA

Walikuja kwangu jioni moja baada ya ibada ya jumuiya. Nilidhani tutazungumza juu ya fedha. Tulipokaa kitambo, mama akasema maneno ambayo sijayasahau. "Mwalimu, siogopi ndege. Naogopa hizo wiki mbili. Hapa nyumbani tuna ng'ombe, tuna majani, tuna wajukuu. Tukiondolewa vyote hivyo, tukakaa wawili katika chumba cha watu, tutaongea nini?"

Mzee aliinama. Kisha akasema kwamba yeye alikimbilia mkopo kwa sababu ya aibu. Katika miaka ishirini na minane hajapata kumpeleka mkewe popote ila hospitalini na matangani. Alitaka safari hii ilipe deni hilo lote kwa mara moja.

Basi mnaona? Wote wawili walikuwa na jeraha lile lile, kila mmoja akilificha upande wake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kama fahali wawili chini ya nira moja, wakilima shamba moja, bila kugeuza kichwa kutazamana. Safari haikuleta tatizo hilo. Ililifunua tu.

Kumbukeni Bwana wetu. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, mitume walirudi kutoka kazini wamechoka, watu wakiwasonga hata hawana nafasi ya kula. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwaita waende kando pamoja naye, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Kupumzika si uvivu wa matajiri. Ni agizo la Bwana kwa watumishi wake, na mume na mke ni watumishi wa nyumba ya Mungu. Kwa hiyo swali letu si kama wana ndoa wapumzike. Swali ni wapumzike namna gani bila kubomoa nyumba.

Nawapa mambo sita.

1. AMUENI WAWILI, KISHA WATU WAJUE

Mwinjili Luka, sura ya 2, anatueleza kwamba Yosefu na Maria walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Safari ile Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili, walirudi mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Pengine Yosefu alidhani yuko na mama, na Maria alidhani yuko na wanaume. Hata Familia Takatifu ilipata uchungu kwa sababu ya jambo lililodhaniwa bila kuulizwa. Lakini tazameni walivyofanya baadaye: walirudi pamoja, wakamtafuta pamoja siku tatu, wakampata.

Mwaliko ukija, mtu wa kwanza kuusikia awe mwenzako, na mahali pawe mezani pako au kando ya moto. Msiuchukue kituoni wala sokoni mpaka mmekubaliana. Habari ya safari ikitoka mapema, huleta wivu, huleta maombi ya viatu na simu, na huleta aibu kama safari haikuwezekana.

2. HESABUNI GHARAMA

Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akapiga hesabu. Chukueni karatasi, mkae nanyi.

Andikeni tiketi mbili, kwenda na kurudi. Andikeni viza. Uswidi iko katika nchi za Schengen, na tangu Juni 2024 ada ya viza ya muda mfupi ni yuro 90 kwa mtu mzima. Ada hiyo hairudishwi hata mkikataliwa. Andikeni bima ya safari, ambayo lazima ifikie yuro 30,000 kwa matibabu na dharura. Andikeni pasipoti, nauli za kwenda Nairobi kutoa alama za vidole, nguo za baridi, na zawadi.

Sasa angalieni kalenda. Agosti iko kabla ya Oktoba. Kwetu sisi wenye mashamba madogo, malipo ya kila mwezi hutuendesha, na bonasi huja baada ya hesabu za mwaka wa kiwanda kufungwa Juni. Anayesafiri Agosti kwa mkopo wa bonasi anakula yai kabla kuku hajataga. Nani ajuaye bei itakuwaje? Chai yetu huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, na shilingi ikipata nguvu, dola ile ile hutuletea shilingi chache zaidi.

Yule mzee alikubali kuuacha mkopo, ingawa kwa shingo upande. Oktoba 2025 ilipofika, bonasi ilishuka, na viwanda vyetu vya magharibi ya Bonde la Ufa vililipa kidogo kuliko vile vya upande wa Mlima Kenya. Alikuja kwangu amevua kofia. Akasema, "Mwalimu, kama ningechukua ule mkopo, leo ningekuwa nauza ng'ombe wa mama."

Neno lingine juu ya mkopo. Usiweke hati ya shamba rehani kwa siri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka nyumba ya wana ndoa isiwekwe rehani ila kwa kibali cha wote wawili. Lakini hata kama sheria isingesema hivyo, ahadi mliyotoa mbele ya altare ingesema.

3. MSIJIDANGANYE, MSIDANGANYWE

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku kumi na tano kabla. Msingoje mwisho. Kwa safari ya mwisho wa Agosti, anzeni Machi au Aprili. Viza ya muda mfupi haizidi siku 90 katika kila siku 180, nayo si ruhusa ya kutafuta kazi. Mtakuja kusikia mtu akisema, "Nenda tu, ukifika huko jifiche." Mkristo haanzi likizo kwa uongo. Mkisema mnakwenda wiki mbili, rudini baada ya wiki mbili. Barua ya mwaliko, taarifa za benki na karatasi za malipo kutoka kiwandani vitasaidia kuonyesha kwamba mna nyumba na shamba la kurudia.

Yeyote atakayekuambia kwamba kwa fedha kidogo ya chini ya meza viza ni hakika, mkimbie. Hakuna wakala anayeweza kuahidi uamuzi wa ubalozi.

Na kabla hamjapeleka karatasi, ulizaneni swali hili gumu: mmoja akipewa viza na mwingine akinyimwa, tutafanya nini? Jibuni siku hiyo, mioyo ikiwa imetulia. Wenzetu wale walikubaliana kwamba safari hii ni ya wawili, na mmoja akinyimwa hakuna atakayekwenda. Ninyi huenda mkaamua vingine. La maana ni uamuzi uwepo kabla ya machozi.

4. JIFUNZENI KUSAFIRI KARIBU KWANZA

Niliwapa wale wenzetu kazi ndogo. Niliwaambia, "Kabla ya Uswidi, nendeni Subukia." Mnapajua, patakatifu pa kitaifa pa Mama Maria, katika kaunti ya Nakuru. Niliwaomba wasiende na basi la parokia, wala na kwaya, wala na wajukuu. Waende wawili, walale usiku mmoja, warudi.

Walikwenda mwezi wa Mei. Mama alinieleza kwamba mpaka Molo hawakusema kitu zaidi ya habari za mashamba waliyoyaona dirishani. Jioni, baada ya rozari, walikaa kwenye benchi. Mzee akamwuliza, kwa mara ya kwanza, juu ya mtoto wao wa pili aliyefariki akiwa mchanga. Wakati ule yeye alikuwa kibarua mbali na nyumbani, na mama alimzika pamoja na wazee wa kijiji. Miaka ishirini na mitatu neno hilo lilikuwa limekaa kati yao kama jiwe. Waliongea mpaka usiku wa manane. Mama akaniambia, "Nilijua basi kwamba tuna la kuongea."

Ndugu msomaji, gharama ya safari ile ilikuwa nauli, chakula na kitanda cha usiku mmoja. Kama huwezi kufurahia siku moja na mwenzako Subukia, ndege haitakusaidia. Utabeba kimya kile kile, ukilipie kwa yuro.

5. MTAKAYOYAKUTA HUKO

Kama mtafika, fikeni kama wageni wema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba ya mtoto wenu huenda ni vyumba viwili tu. Osheni vyombo, pikeni, msimfanye achoke kuliko alivyokuwa kazini. Sotet ya mursik iacheni nyumbani, maana nchi za Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na maziwa wala nyama. Majani chai chukueni, tena ya kutosha.

Mtastaajabu kuona watu wakiingia katika msitu usio wao na kuchuma matunda madogo ya porini bila kuitwa wezi, maana huko desturi na sheria zinaruhusu. Chumeni nanyi, mikono yenu imezoea. Ila mara hii hakuna mizani inayowangoja.

Msisahau Misa Takatifu ya Jumapili. Uswidi nzima ni jimbo moja tu la Kanisa Katoliki, Jimbo la Stockholm. Wakatoliki ni wachache, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji, na kanisa laweza kuwa mbali. Ulizeni mapema saa na mahali, mpange matembezi kwa kufuata Misa, si Misa kwa kufuata matembezi.

Hapo mtakutana na jambo la kuuma. Pengine mtagundua kwamba mtoto haendi tena kanisani, au kwamba anaishi na mtu ambaye hajafunga naye ndoa. Zungumzeni juu ya hilo mkiwa bado hapa. Msije mkagawanyika, baba akifoka na mama akificha. Usiku wa kwanza si wa mahubiri. Msikilizeni kwanza, salini mbele yake bila kumlazimisha, na mkisema neno la ukweli, mliseme wote wawili kwa sauti moja na kwa machozi kuliko kwa fimbo.

6. NI NANI MNAFUATA NYAYO ZAKE?

Wengi hawajui kwamba nchi hiyo ya baridi ilitupatia mtakatifu aliyekuwa mke na mama wa watoto wanane. Ni Mtakatifu Birgita wa Uswidi, aliyezaliwa yapata mwaka 1303. Mumewe aliitwa Ulf, mtu wa sheria katika nchi yake. Wawili hao walikuwa na desturi ya kuhiji pamoja. Walikwenda Norwe kwenye kaburi la Mtakatifu Olavo, na baadaye, yapata mwaka 1341, walifunga safari ndefu hadi Santiago de Compostela huko Hispania.

Wakati wa kurudi, Ulf aliugua sana mjini Arras, katika nchi ya Ufaransa. Birgita alimwuguza ugenini. Ulf akapona, wakarudi nyumbani wakiwa na nia ya kumtolea Mungu maisha yaliyobaki. Mwaka 1344 Ulf akafariki. Hiyo ilikuwa safari yao kubwa ya mwisho. Birgita alikuja kwenda Roma, akafia huko tarehe 23 Julai 1373, akatangazwa mtakatifu mwaka 1391. Mwaka 1999 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimfanya msimamizi mwenza wa Ulaya. Binti yao Katarina naye ni mtakatifu. Masalia ya Birgita yanatunzwa Vadstena, mji mdogo kando ya ziwa, katika kanisa la monasteri aliyoianzisha. Siku hizi kanisa hilo ni la Walutheri, lakini masista wa shirika lake wamerudi kuishi na kusali katika mji huo.

Fikirini kidogo. Kama Ulf na Birgita wangesema, "Tutasafiri watoto wakishamaliza, kazi ikishapungua," Ulf angekufa kabla. Hatujui tumebakiwa na Agosti ngapi pamoja. Sisemi hivi ili mkimbilie mkopo. Nasema hivi ili msingoje Uswidi ndipo mpendane.

Wale wenzetu bado hawajapanda ndege. Safari yao imesogezwa hadi Agosti nyingine, watakapokuwa na fedha mkononi bila deni. Kila mwezi, malipo ya majani yakiingia, hukaa mezani wakatoa kiasi kidogo na kukiweka katika akaunti ya majina mawili. Binti alihuzunika kidogo, kisha akaelewa, naye huongezea chake. Juzi nilipita kwao jioni. Nilimkuta mzee akichambua mboga na mama akimsomea ujumbe wa binti, wakicheka jambo ambalo hawakunieleza. Nilikunywa chai nikaondoka mapema, maana niliona mgeni pale ni mimi.

KWA WAWILI, JIONI YA LEO

Zimeni redio na simu, mkaulizane haya matatu. Je, mara ya mwisho tulisafiri sisi wawili tu, bila msiba na bila ugonjwa, ilikuwa lini? Ni uamuzi gani wa nyumba yetu ambao mwenzangu aliusikia kwa watu kabla ya kwangu? Ni mahali gani pa karibu tunapoweza kwenda siku moja kabla mwaka huu haujaisha?

Kisha shikaneni mikono mkasali kwa maneno yenu, au hivi: Ee Bwana, uliyetembea na wanafunzi wawili katika njia ya Emau, tembea nasi. Tufundishe kusemezana kabla ya kuamua, na kupumzika kabla ya kuchoshana. Safari yetu iwe ndefu au fupi, utufikishe kwako tukiwa pamoja. Amina.

Mungu awabariki. Na majani ya kesho yangoje kidogo, mzungumze kwanza.